Vidonge 13 ndani ya wiki 17: kisa cha mama aliyefika na HB 5.8

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu. Vitu vidogo nimevibadilisha ili mwenyewe asijulikane, ila namba za damu, hasa HB yani kipimo cha wingi wa damu, nimeziacha mana bila hizo namba hamna kisa cha kuchambua.

Alikuja saa 3 usiku, anatembea kwa miguu yake, na hiyo ndo ilitaka kutupoteza. Miaka 26, mimba ya tatu, wiki ya 35, mtoto wa pili ana mwaka na miezi miwili tu, yani hesabu ukiipiga unaona huyu alishika mimba mtoto hajafika hata miezi saba. Nikamuuliza shida nini mama, akasema usingizi hauji. Bas. Usingizi. Mtu mwenye haraka angempa ushauri wa kupumzika akamrudisha nyumbani, ila mwenzangu wa zamu ni mkunga wa siku nyingi, akamuuliza unalalaje? Akasema nalala nimekaa, na mito mitatu mgongoni, nikilala chali pumzi inakata.

Hapo tukamvuta ngozi ya chini ya jicho. Nyeupe. Ulimi mweupe na umekuwa laini kabisa kama umepigwa pasi, nikachukua kiganja chake nikakiweka juu ya changu na mistari ya kiganja haikuwa na wekundu hata kidogo. Mapigo ya moyo 118, pumzi 28 kwa dakika, presha 108/60, miguu imevimba, na ukiweka kifaa mgongoni chini kule mapafuni unasikia sauti za maji maji. Nikamuuliza kama kuna kitu anatamani tamani kukitafuna, akacheka kwa aibu, akasema barafu, anaweza kumaliza bakuli zima kwa siku. Wengi wanaona hiyo ni tamaa ya mimba tu, kumbe kutafuna barafu au udongo ni moja ya dalili ambazo mtu aliyeishiwa madini ya chuma anakuwa nazo bila kujua.

HB ikarudi 5.8.

Kwa wasiojua hizi namba, mjamzito tunasema amepungukiwa damu HB ikiwa chini ya 11, na chini ya 7 ndo tunaita pungufu kali. Kwa mwanamke asiye na mimba mpaka ni 12. Kwanini mjamzito ameshushiwa? Kwasababu mimba inaongeza maji ya damu karibu nusu ya yale ya mwanzo, alafu chembe nyekundu nazo zinaongezeka lakini hazifikii kasi hiyo, kwahiyo damu inakuwa nyepesi kidogo na namba inashuka yenyewe. Hiyo ni kawaida. Tatizo ni kwamba hilo neno kawaida linatumika vibaya, nimeshasikia mtu anaambiwa HB 8 ni kawaida ya mimba. Sio kawaida. 8 ni 8.

Sasa twende kwenye kadi yake ya kliniki, na hapa ndo roho iliniuma. Alianza kliniki wiki ya 18, HB 9.2, pembeni pameandikwa amepewa vidonge vya damu 60. Wiki ya 26 HB 8.1, pameandikwa "aendelee na vidonge", akapewa vingine 60. Baada ya hapo hakurudi mpaka usiku ule. Ukisoma haraka haraka unasema mbona alihudumiwa, kapimwa, kapewa dawa. Ila angalia vizuri. Mtu anameza vidonge wiki 8 alafu damu inashuka badala ya kupanda, hiyo namba inakuuliza swali na hakuna aliyelijibu. Mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma akimeza dawa sawasawa, ndani ya wiki mbili mpaka nne lazima uone HB imesogea, kwa kawaida inapanda kama 1 au 2. Isiposogea ni moja kati ya mambo machache, hamezi, au anameza lakini mwili hauingizi, au anapoteza damu sehemu, au ugonjwa sio huo ulioudhani. Kuandika aendelee hakupo kwenye hiyo orodha. Alafu hata dozi yenyewe ilikuwa ya kinga, kidonge kimoja chenye miligramu 60 za chuma kwa siku, wakati mtu ambaye tayari amepungukiwa anatakiwa 120 kwa siku mpaka damu irudi.

Mwenzangu akamwambia mama nionyeshe hivyo vidonge. Akafungua mkoba. Pakiti ya pili haijafunguliwa kabisa, stepla bado iko. Ya kwanza tukaimwaga kwenye kibeseni cha chuma tukahesabu, 47. Kwahiyo kwa wiki 17 huyu mama alimeza vidonge 13.

Ungekuwa wewe ungemgombeza? Mi nilitaka kusema neno, nakiri. Mwenzangu akaniwahi akamuuliza kwa upole, vilikusumbua nini mwanangu? Akasema siku kama ya 10 hivi alienda chooni akaona choo cheusi kama lami, akaogopa, akajua damu inatoka tumboni kwasababu mimba iliyopita alitokwa na damu nyingi akaambiwa awe makini na damu yoyote. Akajaribu siku tatu zaidi, choo ni kile kile, akaacha. Yani aliacha dawa ya damu kwasababu alidhani inamtoa damu, na ukifikiria kwa upande wake alikuwa anajilinda. Choo cheusi kwa anayemeza chuma ni kitu cha kawaida kabisa, ni chuma kile ambacho hakijaingia mwilini kinatoka. Sentensi moja, sekunde tano. Hakuna aliyemwambia kliniki ya kwanza, na ya pili hakuna aliyemuuliza. Hata vile 13 alivimeza asubuhi na chai ya maziwa, na chai inashika chuma tumboni kisiingie, maziwa nayo hivyo hivyo. Ilitakiwa avimeze na maji, kama kuna tunda chachu ni vizuri zaidi, chai angekunywa baadae saa moja au mbili mbele.

Vipimo vingine havikuleta la ajabu. Malaria hamna, minyoo hamna, selimundu hamna, VVU hamna, kwenye darubini chembe nyekundu ni ndogo ndogo na zimepauka katikati, picha halisi ya kukosa chuma. Uzazi uliopita alitokwa damu nyingi, akaruhusiwa bila mpango wowote wa kurudisha kile alichopoteza, akanyonyesha, akashika mimba tena. Ghala lilikuwa tupu kabla hata hii mimba haijaanza, na mimba moja inahitaji karibu gramu moja nzima ya chuma.

Sasa tunafanya nini usiku huu. Daktari kijana aliyekuwa zamu alisema tumpe chuma cha dripu, na wazo lenyewe sio baya, angekuja wiki ya 26 na ile 8.1 ndo ningelisema mimi wa kwanza. Ila chuma cha dripu hakikupi damu leo, kinaupa mwili malighafi ya kutengeneza damu na matokeo unayaona baada ya wiki kadhaa. Huyu moyo umeshaanza kulemewa. Miongozo iko wazi, mimba chini ya wiki 36 na HB kati ya 5 na 7 unaongeza damu kama kuna dalili kama hizi za moyo kushindwa au oksijeni kutotosha, HB ikiwa 5 kushuka unaongeza hata kama mama anasema yuko sawa. Kwahiyo damu.

Lakini damu kiasi gani na kwa spidi gani, hapa ndo watu wanaua mgonjwa kwa nia njema. Huyu mama hajapoteza maji mwilini, mishipa yake imejaa, kilichopungua ni chembe. Moyo unapiga mbio kuzungusha damu nyepesi. Ukimwagia chupa mbili tatu haraka haraka kwasababu umeogopa ile namba, mzigo wote unarudi kwenye mapafu na anazama kitandani ukimwangalia. Tukaagiza chembe nyekundu zilizokamuliwa maji, chupa moja moja, frusemaidi (dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo) miligramu 20 kwenye mshipa, na tukaamua iende polepole ila isizidi masaa 4 kwasababu damu ikikaa nje ya friji muda mrefu bakteria wanaota.

Mume wake alikuwa nje. Akaja mbio anakunja mkono wa shati, nesi nitoeni mimi, kundi letu ni moja. Nikamwambia baba tunashukuru sana, damu yako utatoa na itaenda benki ya damu kumsaidia mwingine, ila mke wako hatumpi ya kwako. Akashangaa, alihisi kama namkatalia mapenzi yake. Sababu ni kwamba damu ya mume imebeba alama ambazo watoto wake wanazirithi, mke akiongezewa hiyo damu mwili wake unaweza kujifunza kuzipiga vita hizo alama, na mimba inayofuata kinga ile inavuka kwenye kondo kumfuata mtoto. Akaelewa, akaenda kutoa.

Sasa kosa langu mimi. Saa 7 usiku chupa imekuja kutoka maabara, na kanuni ni kwamba uianze ndani ya nusu saa tangu imetoka kwenye friji. Nimechoka, naharakisha, nikafika kitandani nikamwambia mama, we ndo fulani bin fulani? Akaitikia ndio kwa sauti ya usingizi. Nikaanza kufungua mpira. Mwenzangu akasema ngoja, muulize upya, na safari hii usimtajie jina. Nikamuuliza jina lako kamili ni nani na umezaliwa lini. Majina mawili ya kwanza yakafanana, la tatu halikufanana. Namba ya faili haikufanana. Ile chupa ilikuwa ya mama mwingine kitanda cha upande wa pili aliyekuwa anasubiri upasuaji asubuhi, kundi A, na mgonjwa wangu ni B.

Nilikaa chini. Kweli nilikaa kwenye kile kiti cha mgonjwa. Mtu wa B ukimpa chembe za A hazihitaji hata chupa nzima, mililita chache tu zinatosha kuanzisha vita, chembe zinapasuka, figo zinafunga, damu inakataa kuganda. Daktari wa uzazi wa London, James Blundell, alianza kuongezea watu damu ya binadamu mwaka 1818 kwasababu alichoka kuona wamama wanaojifungua wanakufa kwa kutokwa damu, na baadhi walipona na wengine wakafa na hakuna aliyejua kwanini huyu apone yule afe, mpaka Karl Landsteiner alipoonyesha makundi ya damu mwaka 1901. Kwahiyo jibu tunalo zaidi ya miaka mia, na bado mimi nilikuwa sekunde chache kulifuta kwa swali la kizembe. Mgonjwa aliyechoka ataitikia jina lolote utakalomtajia. Muache aseme mwenyewe, alafu wasomaji wawe wawili, chupa, karatasi, mkanda wa mkononi, faili.

Chupa yake ikaja. Dakika 15 za kwanza nilisimama pale pale mana athari mbaya nyingi zinaanza hapo, unaangalia joto, mapigo, pumzi, ngozi kuwasha, maumivu ya mgongo, mkojo kubadilika rangi. Hakuna. Asubuhi HB 6.9, kifua kimetulia kidogo. Chupa ya pili tukampa siku iliyofuata sio siku hiyo hiyo, ikafika 7.8, na usiku ule alilala na mto mmoja.

Hapo ndugu wakaanza kudai ya tatu na ya nne ifike 11 kabisa. Hapana. Chupa moja inapandisha HB kama 1 hivi na kila chupa ni hatari mpya, ya kinga, ya maji kwenye mapafu, ya kuchanganya majina kama nilivyokaribia kufanya. Damu ilikuwa ya kumtoa kwenye hatari, na ghala lenyewe linajazwa na chuma. Wiki hiyo hiyo tukampa chuma cha dripu gramu moja, kimeingia kwa chini ya nusu saa tukamwangalia nusu saa nyingine, akaenda nyumbani na tarehe ya kurudi iliyoandikwa, sio "rudi ukijisikia vibaya".

Wiki ya 38 akaja na uchungu, HB 9.4. Mpango ulishaandikwa mbele ya faili. Anajifungulia sehemu yenye akiba ya damu, kanula nene moja (ule mrija wa kubaki kwenye mshipa) mapema, chupa mbili zimeshapimwa kuendana na damu yake zinasubiri, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10 kwenye msuli mara tu mtoto akitoka, na mfuko wa plastiki wenye vipimo chini ya makalio ili damu ipimwe sio kukadiriwa. Mtu mmoja akauliza mbona tusimpe kabisa asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu ikate, kabla hajaanza kutokwa, si ana damu kidogo? Swali zuri, na limeshajaribiwa, utafiti wa WOMAN-2 uliotoka 2023 ulichukua wamama wenye upungufu wa damu kama huyu na kuwapa mapema haikupunguza kutokwa damu. Inafanya kazi damu ikishaanza, na utafiti wa kwanza wa WOMAN wa 2017 ulionyesha faida iko ukiiwahisha ndani ya masaa 3.

Mtoto akatoka, kilo 2.9, analia. Kitovu hatukukata mara moja, tulisubiri zaidi ya dakika moja ili damu yake ya kwenye kondo imfikie, na kwa mtoto wa mama asiye na chuma hiyo dakika ni mali. Kondo likatoka zima. Alafu mfuko wa uzazi ukalegea.

Nikimwangalia kwa macho ningesema ametokwa damu kama mililita 400. Mfuko ulisoma 650. Mapigo 124, presha 92/58. Hii hesabu ikae kichwani kwa yeyote anayefanya kazi leba, mapigo yakiwa makubwa kuliko namba ya juu ya presha usibishane na mtu, huyo anaenda. Kila kitu kikafanyika kwa pamoja badala ya kimoja kimoja, mmoja anakanda mfuko wa uzazi, mwingine oksitosini kwenye dripu, mwingine traneksamiki gramu 1 polepole kwa dakika 10, mwingine anakagua kama kuna mchaniko na kutoa mkojo mana kibofu kikijaa mfuko wa uzazi haushiki. Utaratibu huu wa kupima kwa mfuko na kufanya yote kwa mkupuo ulijaribiwa kwenye utafiti wa E-MOTIVE, matokeo yakatoka 2023, kutokwa damu kukali na madhara yake kulipungua kwa 60%. Dakika ya 12 mfuko wa uzazi ukawa mgumu kama mpira. Jumla 850.

850 kwa mama aliyekuja leba na HB 12 ni usiku mgumu. Kwa huyu, angeingia leba na ile 5.8 aliyokuja nayo wiki tatu nyuma, sidhani ningekuwa naandika hivi.

Kesho yake HB 7.4 na tukabishana tena. Chupa mbili ziko kwenye friji zina jina lake, daktari kijana anasema zipo, tumpe. Mi nikasema kuwepo sio sababu. Damu imekata, mapigo 92, anatembea kwenda chooni hana kizunguzungu, ananyonyesha. Hakuna anachoteseka nacho ambacho chupa itakiondoa leo. Mkubwa wetu akasikiliza pande zote akaamua chuma cha dripu tena na tumwangalie masaa 24 zaidi, ikishuka chini ya 7 au akianza dalili tunaongeza. Haikushuka. Zile chupa zikarudi benki, na jioni ile ile moja ikaenda kwa mama mwingine ambaye kweli alikuwa hana muda.

Kabla ya kuondoka tulikaa naye na mumewe tukaongea uzazi wa mpango, kwamba wajipe angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine, akachagua kijiti. Akapewa vidonge 60, atavianza wiki ya kwanza ikipita, kimoja kwa siku, na maji. Mwenzangu akamfafanulia choo kitakuwa cheusi, akamwambia rudia, akarudia, mume naye akaambiwa arudie.

Wiki ya 7 akarudi, HB 11.2, mtoto kanenepa. Kabla sijauliza akafungua mkoba akaweka pakiti mezani. Nikahesabu, zimebaki 18. Siku 42, vidonge 42.

"Na choo bado cheusi dada nesi," akaniambia.

Nikamwambia najua.